Reli ya Tatu ya Unguja: Barua ya Wazi kwa Baraza la Wawakilishi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, Zanzibar.

Reli ya kwanza ya Unguja iliishia Chukwani, eneo ambalo Baraza la Wawakilishi linakaa leo. Sultan Barghash bin Said aliitandika mwaka 1879 kutoka kasri lake la mjini hadi kasri lake la Chukwani, masafa ya karibu maili 7. Mwanzoni mabehewa yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 kikaagizwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Barghash alifariki mwaka 1888 na reli ikamfuata: vyuma vikang'olewa, kichwa kikawa chuma chakavu. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, ikilishwa na mfuko wa mtu mmoja, na mfuko huo ulipofungwa hapakuwa na mwingine aliyepaswa kuufungua wake.

Reli ya pili ndiyo inayokumbukwa na wengi. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilijenga njia ya upana wa futi 3 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili 7 hivi, na mwaka 1905 garimoshi likaanza kwenda. Lilipenya mitaa myembamba ya Malindi, karibu kabisa na milango ya nyumba, likatoka mjini na kushika pwani ya kaskazini kwa upande wa Mtoni. Watu wa shamba walilipanda kuja mjini, na abiria wa meli zilizotia nanga bandarini walilipanda kwa matembezi ya saa chache. Lilikuwa na madhara yake pia: cheche za kichwa ziliunguza mazao kandokando ya njia. Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Mwaka 1922, magari yalipokwisha kuanza kuwachukua wateja wake, abiria wakakatiwa huduma. Vyuma vikabaki kusomba mawe ya kujazia bandari hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, navyo vikaondoka.

Mwaka ule wa 1922 unastahili kutazamwa vizuri. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1926, miaka minne baada ya abiria wa Bububu kubaki njiani, na Mwafrika wa kwanza aliingia humo mwaka 1946. Kwa hiyo siku huduma ilipokatwa hapakuwapo ukumbi wowote ambamo mwakilishi wa watu wa Bububu au wa Ng'ambo angeweza kusimama na kuuliza: hesabu zinasemaje, nani ameamua, na abiria wanaachwa na nini? Kampuni ile ile ya reli ilikuwa imepewa pia haki ya kuuwasha mji kwa umeme. Umeme haukufa. Ulipokewa na taasisi moja baada ya nyingine hadi kulifikia Shirika la Umeme la leo, kwa sababu kila aliyeupokea alipokea pamoja nao wajibu wa kuhudumia na bei ya kutoza. Reli haikupewa kimoja wala kingine.

Haja ya usafiri wa pamoja sasa ni kubwa kuliko wakati wowote wa reli hizo mbili. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ilihesabu 893,169. Ongezeko la takriban watu 300,000 limeingia ndani ya miaka kumi katika mkoa ulio mdogo kuliko yote ya Unguja, na karibu nusu ya Wazanzibari wote, 1,889,773, wanaishi humo. Watu hawa hawalali tena Mji Mkongwe na Ng'ambo tu. Wamejenga Fuoni, Bububu, Mwanakwerekwe na kuendelea, na kila asubuhi wanarudi mjini kazini, sokoni, hospitali na skuli. Daladala za njia namba 502 zinapita leo karibu pale pale lilipopita garimoshi la Bububu, zimejaa hadi mlangoni.

Mazungumzo ya kurejesha reli kisiwani kwa kawaida huanzia kwenye picha: treni ya umeme, stesheni ya vioo, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Barua hii inaomba Baraza lianze kwingine: kwenye mswada wa kuunda mamlaka ya reli na mfuko wake. Reli mbili za Unguja hazikuuawa na uhaba wa vyuma wala wa wahandisi. Zilikufa kwa sababu mambo matatu hayakuandikwa popote: nani mwenye njia, nani analipa pengo la nauli, na nani anajibu kwa abiria. Hayo yakiachwa bila sheria, reli ya tatu itakuwa na umri wa kiongozi aliyeizindua.

Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, orodha ya Mambo ya Muungano inataja bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Reli haimo. Sheria ya Reli ya 2017, iliyounda Shirika la Reli Tanzania kwa kuunganisha mwenye njia na mwendeshaji, ni ya Tanzania Bara. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, nayo ni ya huko. Maana yake ni kwamba Unguja haina sheria ya reli ya kuazima wala mdhibiti wa kumwita. Chombo chenye uwezo wa kutunga sheria hiyo ni Baraza lenyewe, na hili ni jambo la heri, kwa kuwa ukurasa mweupe huandikika vizuri kuliko ukurasa uliojaa masahihisho.

Lakini orodha hiyo hiyo inataja mikopo ya nje na ushuru wa forodha. Yote mawili yanagusa mfuko wa reli moja kwa moja. Bara inachangia ujenzi wa reli zake kwa tozo ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5, na Kenya ilitangulia na tozo kama hiyo mwaka 2013. Zanzibar haiwezi kuunyanyua mpango huo na kuupandikiza, maana forodha si yake peke yake. Na mkopo mkubwa wa nje utapitia Serikali ya Muungano. Anayeahidi treni bila kueleza kwanza vipengele hivi viwili anaahidi kitu ambacho ufunguo wake hauko mikononi mwake.

Fedha za reli ni za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta balaa. Zipo za kujenga: ardhi, fidia, vyuma, mabehewa, stesheni. Hizi ni nyingi, hutoka mara moja, na huweza kukopwa. Zipo za kuendesha: mishahara, umeme au dizeli, vipuri, ulinzi, kubadilisha mataruma. Hizi ni ndogo kwa mwezi lakini hazimaliziki. Sherehe za uzinduzi hufanywa kwa fedha za aina ya kwanza. Treni hufika stesheni kila asubuhi kwa fedha za aina ya pili. Katika miji mingi duniani nauli haifikii gharama zote hizo, na pengo hujazwa na hazina ya umma. Hong Kong ni mfano adimu wa mji uliofanikiwa kuziba pengo kwa njia nyingine: shirika lake la reli hupata mapato kutokana na majengo yaliyosimamishwa juu na pembeni mwa stesheni zake. Ufaransa ilichagua njia ya tatu. Tangu mwaka 1971 waajiri wa Paris hulipa mchango maalumu wa usafiri wa umma, kwa hoja kwamba mwajiri naye hufaidika mfanyakazi anapofika kazini kwa wakati.

Addis Ababa inafundisha zaidi kuliko hizo zote, kwa kuwa iko karibu na hali yake inafanana na ya hapa. Reli yake nyepesi ilifunguliwa Septemba 2015, njia mbili zenye urefu wa kilomita 34 hivi, kwa gharama ya dola milioni 475 ambazo sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Nauli iliwekwa chini sana ili maskini wapande, na walipanda kwa wingi. Lakini nauli ilikusanywa kwa birr, huku deni na vipuri vikidai dola. Treni 41 zilinunuliwa. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimesimama kwenye karakana zikingoja vipuri. Hakuna aliyeiba njia, hakuna aliyebomoa daraja. Ilikosekana fedha ya aina ya pili, tena kwa sarafu inayotakiwa. Treni ya Unguja, nauli yake ikilipwa kwa shilingi, itakuwa na ugonjwa huo tangu kuzaliwa.

Dawa yake, kwa bahati, iko kisiwani, nayo ndiyo chanzo cha kwanza cha fedha za reli. Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 700,000 mwaka 2024, na wengi wao hulipa hoteli kwa fedha za kigeni. Sehemu ya tozo za miundombinu zinazokusanywa hotelini ikitengwa na sheria, ikawekwa katika akaunti ya fedha za kigeni kwa ajili ya vipuri na deni la reli tu, pengo lililoisimamisha Addis Ababa linaweza kuzibwa hapa. Hoja ya Ufaransa inaingia vizuri pia. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hutegemea wafanyakazi wengi wanaotoka mjini na vitongoji vyake, na mwenye hoteli analijua vizuri tatizo la mpishi aliyekwama njiani.

Chanzo cha pili ni ardhi, nacho Unguja inacho kwa namna ambayo miji mingi ingetamani kuwa nacho. Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Ardhi ya 1992 imeiweka chini ya dhamana ya Rais. Mwekezaji hapati ardhi ya kumiliki milele, anapata mkataba wa kukodi. Stesheni ikijengwa Fumba, Tunguu au Mahonda, thamani ya ardhi inayoizunguka hupanda kwa sababu ya jasho la umma, si la mkodi. Ni haki basi kodi ya ardhi hiyo nayo ipande na ziada irudi kwenye reli. Hapa lakini mpangilio wa wakati ni kila kitu. Mikataba mirefu ikitiwa saini kabla ya ramani ya njia kupitishwa na Baraza, faida yote itakwenda kwa aliyepata habari mapema, na umma utabaki kulipia njia iliyowatajirisha wengine. Ugawaji wa viwanja vilivyo ndani ya nusu maili kuzunguka kila stesheni inayopendekezwa unapaswa kusimamishwa tangu siku mswada unaposomwa mara ya kwanza, huku haki za wakaazi na wakulima wa mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi walio humo zikilindwa kwa maandishi.

Chanzo cha tatu ni fungu la tozo ya mafuta, ambayo sasa huingia Mfuko wa Barabara. Kulichukua fungu hilo si jambo jepesi, maana barabara za shamba zina njaa yake. Chanzo hiki kiwe kidogo na cha mwisho.

Na Pemba? Watu 543,441 waliohesabiwa kisiwani humo mwaka 2022 hawatapanda treni ya Unguja hata siku moja katika shughuli zao za kila siku. Pengo la nauli likijazwa kutoka hazina ya jumla, mkulima wa karafuu wa Micheweni atakuwa anamlipia nauli karani wa Bububu. Hilo halikubaliki, na linaweza kuitia sumu reli katika siasa za visiwa hivi kabla haijatandikwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka mfuko ujazwe na wale wanaonufaika: nauli za Unguja, ardhi ya pembeni mwa njia, hoteli za Unguja.

Kuhusu nani aendeshe, Bara imejaribu mengi ndani ya muda mfupi na majibu yake yanasomeka. Mwaka 2007 reli ya kati ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India kwa mkataba wa miaka 25, kampuni ikishika asilimia 51 ya hisa na serikali 49. Njia ilikuwa mali ya shirika jingine la serikali, RAHCO. Kufikia 2011 mkataba wa miaka 25 ulikuwa umevunjika. Mwenye treni na mwenye njia walikuwa wawili, na palipokosekana fedha za matengenezo ilikuwa rahisi kwa kila mmoja kumtazama mwenzake. Sheria ya 2017 ikawarudisha chini ya paa moja. Kwa kisiwa kidogo chenye njia moja au mbili, kuwatenganisha tena hakuna maana yoyote.

Dar es Salaam pia ina mfano wa treni ya abiria wa mjini hasa. Oktoba 2012 treni mbili zilianza kubeba watu asubuhi na jioni, moja kwenye njia ya reli ya kati kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, nyingine kwenye njia ya TAZARA. Wananchi waliziita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Jina lilitolewa kwa shukrani na waziri aliistahili, kwani alitumia njia zilizokuwepo tayari badala ya kungoja mkopo. Hata hivyo huduma inayobeba jina la waziri inaonyesha pia mahali ilipoegemea. Waziri huhama. Abiria wa Bububu wanahitaji treni yenye kifungu cha sheria nyuma yake, ili atakayeikuta wizarani, hata kama hakuipenda, aikute ni wajibu wake.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni daladala, na ni kosa kuiacha mwisho wa mipango kama ifanywavyo mara nyingi. Daladala haipati ruzuku. Dereva na utingo hutoka alfajiri wakiwa na deni la hesabu ya tajiri mwenye gari. Wakishailipa pamoja na mafuta, kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Ndiyo maana gari hungoja lijae, ndiyo maana mwanafunzi wa nauli nusu huachwa kituoni. Ni ukali wa hesabu, haukutokana na ubaya wa watu. Treni ya ruzuku ikiwekwa sambamba na njia ya 502, itawaondoa watu hawa barabarani ndani ya miezi kwa fedha ambazo wao wenyewe wamechangia katika kodi ya mafuta. Mswada unapaswa kuwataja. Wenye magari wa njia zitakazoguswa wapewe haki ya kwanza ya kuendesha mabasi ya kulisha stesheni, kwa mkataba unaolipa kwa kilomita wala si kwa kichwa cha abiria, na vyama vyao viruhusiwe kununua hisa katika kampuni ya uendeshaji. Madereva na utingo wahesabiwe na waandikishwe kabla, maana baada ya treni kuanza hatapatikana wa kuwahesabu.

Kwenye Mji Mkongwe wenyewe hapana mjadala mrefu. Mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na garimoshi lililopita Malindi mwaka 1905 halina nafasi ya kupita tena. Njia iishie nje ya mipaka ya urithi, upande wa Darajani au Kijangwani, na aliyefika hapo amalizie kwa miguu kama mji ulivyokusudiwa.

Bodi ya mamlaka ya reli isijazwe na maofisa wa wizara moja. Viti viwili viwe vya abiria, wanaochaguliwa na mabaraza ya manispaa za Mjini, Magharibi A na Magharibi B kutoka miongoni mwa watu wasio madiwani. Kiti kimoja kiwe cha wenye daladala, kimoja cha wafanyakazi wa reli, kimoja cha wenye hoteli wanaochangia mfuko. Mwenyekiti ateuliwe na Rais na athibitishwe na Baraza, na asiondolewe kabla ya muda wake bila sababu kusomwa ukumbini. Nauli isipangwe na bodi hiyo, kwa sababu anayekula nauli hapaswi kuipanga. Ipangwe na mdhibiti aliye huru, baada ya kikao cha wazi kinachofanywa jioni, saa ambazo wafanyakazi wanaweza kuhudhuria. Serikali ikitaka nauli iwe chini ya ile aliyoikubali mdhibiti, jambo ambalo mara nyingine ni la haki kabisa, iandike tofauti hiyo katika bajeti na kuilipa kila robo mwaka. Addis Ababa ilipanga nauli ya huruma. Kilichokosekana ni jina la mlipaji wa huruma hiyo.

Kwa mpangilio huo, kinachoombwa kwa Baraza ni mswada wa mamlaka na mfuko wa reli usomwe na kupitishwa kabla ya mkataba wowote wa ujenzi kutiwa saini, na mkataba utakaosainiwa baadaye uwekwe mezani wote, pamoja na ratiba ya marejesho ya deni na sarafu yake. Hesabu za mamlaka zikaguliwe kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Zanzibar, zifike mbele ya kamati ya hesabu ya Baraza kabla ya bajeti inayofuata kujadiliwa, na muhtasari wake kwa Kiswahili ubandikwe katika ukuta wa kila stesheni: treni ngapi ziliahidiwa, ngapi zilifika kwa wakati, nauli iliingiza kiasi gani, na pengo lilijazwa na nani.